Adapta ya Waifai Ndani ya Nyumba ya Eda

Tarehe kumi na nne Agosti, siku ya Jumatano, nilimpoteza mume wangu. Alitoka nyumbani kwetu Newala asubuhi kwenda kuangalia mikorosho yetu kule Kitangari, akaanguka shambani. Hospitali walisema ni presha. Sisi hatukujua kuwa ana presha, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Nitakayoyaeleza hapa yalitokea mwishoni mwa Septemba, arobaini ikiwa imeshasomwa na mimi nikiwa bado ndani ya eda. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, kwa sababu jambo lenyewe linahusu kukumbuka.

Kwetu, mtu akifa ghafla, wanaokuja kutoa pole huuliza swali moja kabla ya mengine: aliagaje? Watu wanaamini kwamba anayekwenda huaga, hata kama mwenyewe hajui kuwa anaaga. Mmoja siku hiyo alikataa chai. Mwingine alimpigia simu ndugu ambaye walikuwa hawasemezani. Mwingine alichukua ufagio akafagia uwanja, kazi ambayo maishani mwake hakuwahi kuifanya. Watu huitafuta alama hiyo mpaka waipate, na wakishaipata huvuta pumzi, wakaanza kuzungumzia mambo ya mazishi.

Mimi nilipoulizwa nilisema kwamba alipofika getini aligeuka akainua mkono. Nilisema hivyo siku ileile, nikiwa nimeketi chini kwenye mkeka, na niliposema nilikuwa namwona. Mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Aliyapokea maneno yale kama mtu anavyopokea maji akitoka safari ndefu. Tangu siku hiyo mimi sikuulizwa tena, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijibu. Alikuwa haongezi neno. Alisema tu, "Mwanangu aliaga," kisha akainua mkono wake mwenyewe, kiganja mbele, akaushusha taratibu.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga, na anaona kivuli cha mtu kikipita mlangoni, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Mwanawe alikuwa amepanga kumpeleka kupasuliwa baada ya msimu wa korosho.

Sasa kuhusu kamera. Miaka michache nyuma tuliibiwa salfa ya kupulizia mikorosho, mifuko yote iliyokuwa ghalani. Mume wangu alikasirika kimya kimya, kama alivyokuwa, kisha akafunga kamera nne: moja ikitazama geti, moja mlango wa ghala, moja kisima chetu cha maji ya mvua, na moja uani nyuma. Waya zote ziliingia chumbani kwetu cha kulala, kwenye kisanduku cheusi kinachorekodi, na juu yake aliweka televisheni ndogo. Alikiweka chumbani ili mwizi asikione. Hakikuwa na intaneti. Ukitaka kuona kitu, unaingia chumbani, unawasha televisheni, unashika mausi. Mimi sikuwahi kukigusa, isipokuwa kukifuta vumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa nacho, na kila umeme ulipokatika kwa muda mrefu kikapoteza saa, yeye ndiye aliyekuwa akikitengeneza.

Binti yetu ni muuguzi Masasi. Alipokuja kwenye arobaini hakuwa na amani. Mikorosho ilikuwa imejaa maua, msimu unakaribia, na nyumbani tumebaki wanawake wawili, mmoja haoni na mwingine haruhusiwi kutoka. Alikuja na ruta ya laini ya simu na kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho alisema ni adapta ya waifai. Kinachomekwa kwenye kisanduku, kisanduku kinapata mtandao bila waya, naye atatuona akiwa kazini kwake. Alijaribu kukichomeka mwenyewe, kisanduku hakikukitambua. Likizo ikamwishia. Aliporudi Masasi alimtafuta fundi anayemfahamu, akamtuma kwetu akiwa na adapta nyingine, ya aina ambayo kisanduku chetu kinaikubali.

Jambo ambalo hakulifikiria, na mimi sikulifikiria mpaka pikipiki iliposimama nje, ni kwamba kisanduku kiko chumbani kwangu cha kulala, na mimi niko kwenye eda. Fundi ni mwanaume asiye ndugu yangu. Haingii humo, na wala sitoki kwenda kumwona.

Alikuwa ni kijana wa miaka kama thelathini, mstaarabu. Alipoelezwa hakubisha. Aliketi sebuleni juu ya mkeka, mimi nikabaki chumbani, pazia katikati, na mama mkwe akajiweka mlangoni, mgongo wake kwenye fremu. Fundi alimsalimia shikamoo. Akaitikia marahaba, akamuuliza ametokea wapi. Alipotaja Masasi, mama mkwe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti nisikie akicheka.

"Kumbe nimeletewa mume kutoka bondeni," alisema. "Huko kwenu mawe yamewazidi, siyo?"

"Mawe tunayo, bibi. Na maji tunayo."

"Maji yenu ya bomba hayana ladha. Sisi huku tunakunywa ya mbinguni. Haya, mume wangu, mfundishe mkwe wangu kazi, na ukimfokea nitakupa talaka leo leo."

Basi nikafanya kazi kwa mikono yangu, yeye akisema kutoka upande wa pili. Aliniambia nigeuze kisanduku nitazame tundu za kuchomeka. Nilikuta mbili, moja mbele na moja nyuma. Ya mbele ilikuwa na mausi. Akaniambia adapta iingie ya nyuma, na kabla ya kuichomeka nizime kwanza. Aliipitisha adapta chini ya pazia, mama mkwe akaishika, akaipapasa, akasema hiki ndicho kitakachotuonyesha kwa mjukuu wangu Masasi, hata mbegu ya kunde ni kubwa kuliko hiki. Nikaichomeka, nikawasha. Kisanduku kilipiga mlio. Baada ya muda taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa.

Fundi aliniongoza ndani ya menyu neno kwa neno. Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namsomea herufi, yeye ananiambia hilo ndilo, bonyeza. Tukaitafuta ruta yetu kwenye orodha, nikaingiza neno la siri ambalo binti yangu alikuwa ameliandika nyuma ya ruta kwa kalamu ya wino. Nilikosea mara ya kwanza. Mara ya pili likakubali.

Kisha nikamsikia fundi ameweka kitu chini kwa haraka.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "picha zimekuja kwenye simu yangu. Ila kamera moja inaonyesha uani. Nimeifunika simu, sijatazama. Mwambie mama achomoe ule waya kwanza."

Uani ndiko ninakokaa kutwa. Huko ndiko jikoni, huko ndiko bafuni. Kwenye eda mtu anajificha na macho ya watu, na mimi nilikuwa nimeisahau ile kamera kabisa kwa sababu ilikuwa haisemi na mtu. Nilishukuru moyoni kwamba kijana yule alilelewa. Nikachomoa waya wa uani, sehemu yake kwenye televisheni ikawa nyeusi, ndipo akainua simu yake akaendelea. Haukupita muda mrefu binti yangu akapiga. Nikaiweka simu kwa sauti ya nje juu ya kitanda. Alikuwa anaona geti letu akiwa Masasi. Alisema kuna kuku anapita. Nikatazama televisheni, kweli alikuwa anapita.

Hapo ndipo mama mkwe aliuliza. Aliuliza taratibu, na nadhani alikuwa na swali hilo tangu fundi alipofika.

"Hicho kisanduku kinaonyesha ya leo tu, au na ya siku ile?"

Fundi alieleza kwamba kinaweka siku za nyuma, lakini kikijaa kinakula siku za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Akauliza ilikuwa tarehe ngapi. Alipoambiwa alihesabu, akasema siku hiyo bado ipo ila haina muda mrefu, pengine wiki hii itafutika. Kama tunaitaka, ihamishiwe kwenye flashi leo.

Mama mkwe alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani akaketi kitandani kwangu. "Nataka mwanangu anavyoaga," alisema. "Sitaona, najua. Wewe utaniambia. Na macho yangu yakishapasuliwa nitajionea."

Fundi akaniuliza aliondoka saa ngapi. Nikamwambia saa tatu asubuhi. Akasema niweke tarehe, kisha kwenye saa niandike tisa, sifuri, sifuri. Nikaandika, nikabonyeza.

Sikumwona mume wangu akitoka. Niliona uwanja umejaa watu. Wanaume wenye kofia walikuwa wamesimama mistari miwili kutoka getini, na gari la wazi lilikuwa limeingia kinyumenyume. Wakamshusha. Alikuwa amefunikwa shuka la kijani. Siku ile mimi nilikuwa ndani, wanawake wamenishika, sikuona walivyomshusha. Nimekuja kuona hapo, peke yangu, mkono juu ya mausi, na mama yake nyuma yangu akiuliza, "Anafanya nini? Ameshafika getini?"

Nilisema bado, natafuta. Ilikuwa kweli, nilikuwa natafuta.

Fundi alidhani kisanduku kimeharibika saa. Akasema ajabu, kwa sababu saa inayosomeka sasa ni sahihi kabisa, na akapendekeza labda nilikosea tarehe. Nikatazama tena ile picha. Kivuli cha ghala kilikuwa kimelalia upande wa geti. Asubuhi kivuli cha ghala hulalia upande wa kisima. Kwa hiyo hiyo haikuwa asubuhi, ilikuwa alasiri, saa ambayo kweli aliletwa.

Ndipo nikakumbuka namna mume wangu alivyokuwa akitengeneza saa ya kisanduku. Alisubiri ifike saa moja kamili kwenye saa yake ya mkono, jua limeshachomoza, halafu akaandika moja. Sifuri moja, sifuri sifuri. Kwake saa ilikuwa ni saa ya watu, saa ya jua. Sijui kama aliwahi kujua kwamba kisanduku kinahesabu kuanzia katikati ya usiku. Hakuna aliyemwambia, na yeye alikipata alichokitaka kila alipokitafuta.

Nilipomweleza fundi alicheka kidogo, si kwa dharau. Alisema mafundi wamehangaika na kamera za watu wengi huku kwetu, na yeye mwenyewe amewahi kubadilisha betri ya kisanduku kisichokuwa na ubovu wowote kwa sababu kama hiyo. Akasema kisanduku kilipopata mtandao kimejirekebisha chenyewe, ndiyo maana leo kinasoma sawa. Lakini siku za nyuma zimebaki kwenye saa ya marehemu. "Andika tatu, mama," alisema. "Tatu ileile uliyoisema mwenyewe."

Nikaandika tatu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kivuli cha ghala kilikuwa kwenye kisima. Nikasogeza mbele kidogo, akatoka.

Alikuwa na shati lake la bluu na kofia. Alisukuma pikipiki kutoka barazani, dumu la maji limefungwa nyuma kwa mpira. Alisimama, akaligonga gurudumu la nyuma kwa kisigino, akaendelea. Alifungua geti, akaipitisha pikipiki nje, akaisimamisha, akarudi kulifunga geti kwa kupenyeza mkono ndani. Macho yake yalikuwa kwenye komeo. Akaondoka hatua chache, nje ya geti, akarudi tena, akalitikisa komeo kuona kama limeshika. Halafu hakuonekana tena.

Hakugeuka kutazama nyumba. Hakuinua mkono. Na mlango wa nyumba unaonekana pembeni mwa picha, ule mlango ambao kwenye kumbukumbu yangu nilikuwa nimesimama. Sikuwepo. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo nilichokuwa nakiona nilipowaambia watu kwamba aliinua mkono. Sikutunga. Mkono ule aliuinua, lakini ni siku nyingine, sijui ipi, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kuniinulia mkono nikiwa mlangoni. Siku ile nadhani nilikuwa jikoni. Nilipoulizwa, akili yangu iliichukua siku nyingine ikaiweka pale.

"Ameinua mkono?" mama mkwe aliuliza.

Binti yangu alikuwa kwenye simu juu ya kitanda. Sijui kama na yeye alikuwa ameona au alielewa kwa ukimya wangu. Nilichukua simu nikaiweka sikioni. Alisema kwa kunong'ona, "Mama, mwambie ndiyo. Mama, nakuomba. Bibi hataona."

Sikumlaumu na simlaumu. Alisema hivyo kwa upendo. Na ni kweli kwamba ningesema ndiyo, pasingekuwa na mtu wa kunikanusha. Fundi alikuwa nyuma ya pazia. Flashi ingekaa kabatini. Lakini yule mama alikuwa ameniambia kwamba macho yake yakipasuliwa atajionea, na zaidi ya hilo, alikuwa amekaa kitandani kwangu na mikono juu ya magoti, ameniazima macho yangu. Sikuweza kumrudishia yakiwa na kitu cha uongo ndani yake.

"Hapana, mama," nilisema. "Hakuinua."

"Aligeuka?"

"Hakugeuka. Mimi nilisema aligeuka, na nilidhani nimeona. Sikuwepo mlangoni, mama. Nimeona sasa hivi, mlango hauna mtu."

Nikasikia binti yangu ameanza kulia, nikaiweka simu chini. Mama mkwe alikuwa ameelekeza uso kwenye mwanga wa televisheni, kama anayejaribu kuona kwa nguvu. Nilidhani atasema nimemnyang'anya. Angesema hivyo ningekubali.

"Rudisha," alisema. "Uniambie yote, usiruke."

Nikarudisha. Nikamwambia shati, nikamwambia kofia. Aliuliza kofia ipi. Nikamwambia ile aliyodariziwa na dada yake. Nikamwambia dumu, nikamwambia alivyoligonga gurudumu kwa kisigino, akasema baba yake naye alikuwa akigonga hivyo baiskeli. Nikamwambia geti, na mkono uliopenya, na hatua alizoondoka.

"Halafu akarudi," nilisema. "Akalitikisa komeo."

"Alirudi?"

"Alirudi kulijaribu. Halafu akaenda."

Aliomba nirudishe sehemu hiyo peke yake. Nikairudisha, nikamwambia tena vilevile. Alitikisa kichwa polepole.

"Huyu alikuwa anarudi nyumbani," alisema. "Mtu anayeaga hajaribu komeo. Alikuwa anatoka tu, kama siku zote. Hakuwa na habari."

Kisha akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote chumbani, "Hakuogopa, basi."

Fundi alikohoa nyuma ya pazia. Aliuliza kwa upole kama apitishe flashi, au tuache. Mama mkwe akamjibu apitishe. Tundu zote mbili zilikuwa na kitu, kwa hiyo ilibidi niichomoe adapta ili flashi ipate pa kuingia, na picha kwa binti yangu ikakatika. Nilimwambia kwenye simu asubiri, asiogope. Tulihamisha asubuhi ile, kuanzia anapotoka barazani mpaka geti limetulia. Nilimuuliza mama mkwe kama na alasiri ihamishwe, nikamweleza ni nini kilichomo. Alisema hiyo iache iliwe. Nikairudisha adapta mahali pake, taa ikapepesa, na binti yangu akasema ameona geti tena.

Fundi aliletewa ugali wa muhogo na kunde. Mama mkwe ndiye aliyempelekea mwenyewe, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, sahani kwenye mwingine, na hakukubali kusaidiwa. Niliwasikia wakizungumza kidogo, lakini hawakutaniana tena. Baadaye pikipiki ikaondoka, na yeye akaenda chumbani kwake akalala akielekea ukutani.

Adhana ya alasiri ilipolia niliingia kumwamsha. Alikuwa macho. Aliniuliza kama yule kijana alikula akashiba. Nikamwambia alikula vizuri, ila kunde alibakiza kidogo. Akasema nimletee maji ya kutawadha, nikaenda kuyachota.